Juu ya Nini Kompyuta Yetu Ilikuwa Inazimika: Fundisho juu ya Njia ya Hewa



Munajua kama gazeti letu lilichelewa mwezi wa kumi. Wengine walisema kikundi cha gazeti kimelala. Hatukulala. Ni kompyuta ya sekretaria iliyokuwa inalala, tena katikati ya kazi. Leo ninataka kuwaeleza sababu yake, kwa maana ni fundisho la fizika ambalo kila mumoja wetu anaweza kulitumia. Na mbele ya kumaliza niko na neno lingine la kusema, linalonihusu mimi mwenyewe.

1. NAMNA JAMBO LILIVYOANZA

Kompyuta ile ni ya sanduku la chuma, ile tunaita ordinatere ya biro. Ilinunuliwa wakati ilikuwa imekwisha kutumika Ulaya. Ndani yake Mama Sekretere anaandika pointi za shule nzima na majina ya sisi wafinalisti tutakaofanya Mtihani wa Serikali. Kila mutu anajua hatari iko wapi: jina likikosewa ao likipotea, mutoto wa watu anaweza kukosa mutihani. Sisi wa kikundi cha gazeti tunapewa ruhusa ya kuandika pale nyuma ya masomo, saa nane mpaka saa kumi.

Mwanzo wa mwezi wa kumi ikaanza kuzimika yenyewe. Neno la kwanza tulilosema: umeme umekatika. Lakini taa ilikuwa inawaka. Neno la pili: virusi. Na wakati watu wanasema virusi, mara moja wanatafuta ni nani aliyeileta. Siku ile ndugu mumoja wa tatu humanite alikuwa ameingiza flashi yake, kwa kutuletea shairi la gazeti. Mimi, kapita wenu, nikaandika raporti kwa Bwana Prefe kwamba flashi ile njo iliharibisha masini. Ndugu yule akaniambia: "Yaya Kapita, mi sikuweka kitu kibaya. Flashi yangu iko na shairi tu." Sikumusikiliza. Akatolewa katika kikundi, na baba yake akaitwa shuleni.

Majuma mawili yakapita. Siku moja nilikuwa peke yangu kwa masini, na hakuna flashi iliyoingizwa tangu asubuhi. Nyuma ya dakika kumi na mbili, ikazimika. Nikapitisha mukono nyuma ya sanduku la mbao ambamo kompyuta inafungiwa. Kule kulikuwa moto kama pembeni ya mbabula ya makala.

Basi nikaanza kuandika saa ndani ya kaye. Asubuhi saa moja, wakati chumba kiko baridi, masini ilikaa dakika arobaini mbele ya kuzimika. Saa sita, dakika kumi na mbili. Nikiiwasha tena palepale, dakika tatu tu. Nikiiacha ipumzike saa nzima, inarudia kumi na mbili. Nikapeleka kaye ile kwa Prof wetu wa fizika. Akaisoma na kucheka kidogo, kisha akasema: "Kapita, virusi haijui kama jua limepanda. Kitu hiki kinafwata jua, hakifwati flashi."

2. MOTO UNATOKA WAPI?

Ndani ya kompyuta kuko kipande kidogo kinachoitwa prosesa. Ni yeye anayefanya hesabu zote. Umeme unaoingia ndani ya prosesa haupotei: karibu wote unageuka kuwa moto. Prosesa ya wati 65 inatoa moto wa wati 65, sawasawa na balbu ya zamani iliyo karibu na nguvu ile. Lakini balbu iko na kioo kikubwa cha kutolea moto wake. Prosesa iko na uso mudogo kuliko ukucha wa dole gumba.

Zamani haikuwa shida. Prosesa 8086 ya kampuni Intel, iliyotoka mwaka 1978, ilifanya kazi bila feni. Kadiri miaka ilivyopita, mwendo uliongezeka na moto uliongezeka pamoja nao. Prosesa nyingine za Pentium 4 zilizotoka mwaka 2004 zilipita wati 100. Ni kwa sababu hiyo juu ya prosesa wanaweka radiatere, ni kusema kipande cha chuma chenye majani membamba mengi, na juu ya radiatere wanaweka feni.

Radiatere inatengenezwa kwa aluminyumu ao kwa shaba. Sisi watu wa Katanga tunajua shaba, lakini tunaijua zaidi ndani ya magari makubwa yanayotoka Kolwezi. Mujue sasa kazi yake nyingine. Shaba inapitisha moto vizuri sana: namba yake ni karibu 400, pale aluminyumu iko karibu na 237, na hewa iliyotulia ni 0,026 tu. Fanyeni hesabu: shaba inapitisha moto mara elfu kumi na tano kuliko hewa. Kwa hiyo shaba inatoa moto mbio kwa prosesa na kuupeleka kwa majani ya radiatere. Toka pale, ni hewa inayopashwa kuuchukua. Hewa ikitulia, moto unabaki. Hewa ikitembea, moto unaondoka nayo.

Prosesa ikipata moto mwingi inajikinga yenyewe. Prosesa nyingi za leo zinapunguza mwendo wakati zinafika karibu na digri 90 ao 100. Ikiwa moto unaendelea kupanda, kompyuta inazimika mara moja ili isiungue. Kumbe masini yetu haikuwa inakufa. Ilikuwa inajiokoa, na sisi tulikuwa tunaiwasha tena kwa nguvu.

3. HEWA SHERTI IWE NA MILANGO MIWILI

Hapa njo musingi wa fundisho lote. Wengi wanafikiri kwamba kupoza kompyuta ni kuleta upepo mwingi. Hapana. Ni kuupa upepo njia: mulango wa kuingilia, mulango wa kutokea, na kitu chenye moto katikati.

Muangalie mbabula. Iko na mulango chini, na juu iko wazi. Ziba mulango wa chini, makala inakufa, hata kama juu iko wazi. Muangalie darasa letu mwezi wa kumi. Madirisha ya upande mumoja yakifunguliwa peke yake, tunatoka jasho. Fungua na ya upande mwingine, upepo unapita, hata karatasi zinaruka. Upepo wa inje ni uleule. Kilichobadilika ni njia.

Kwa sanduku la kompyuta njia ya kawaida ni hii: hewa ya baridi inaingia mbele, upande wa chini, inapita juu ya disiki na prosesa, inatoka nyuma, upande wa juu. Masanduku mengi ya kanuni ya ATX, ambayo Intel iliitoa mwaka 1995, yanafwata mupango huu. Tena hewa yenye moto inapenda kupanda, na mupango huu hauishindani nayo. Lakini musitegemee kupanda kule peke yake, ni nguvu ndogo. Feni njo zinafanya kazi kubwa.

4. HESABU NDOGO

Prof aliniomba niwaonyeshe hesabu, kusudi tusiseme kwa mudomo tu.

Tuseme kompyuta yote inakula wati 100, ni kusema joule 100 kila sekunde. Kwa kuongeza digri 1 kwa kilo 1 ya hewa, inaomba joule karibu 1 000. Hapa kwetu Lubumbashi tuko juu, karibu metri 1 200 kupita bahari. Hewa yetu ni nyepesi kidogo: metri kube moja iko na uzito wa karibu kilo 1, pale pembeni ya bahari ni karibu 1,2. Basi litri moja ya hewa yetu ni karibu gramu moja.

Tunataka hewa inayotoka isipite ile inayoingia kwa zaidi ya digri 10. Kila kilo itachukua joule 10 000. Tukigawa 100 kwa 10 000, tunapata kilo 0,01 kila sekunde, ni kusema gramu 10, ni kusema litri 10 za hewa. Ni sawa na kujaza bidoni ya litri 20 kila sekunde 2. Feni moja nzuri inaweza kazi hiyo bila taabu, ikiwa njia iko wazi.

Sasa tuzibe njia kusudi litri 3 tu zipite. Hewa ndani itapanda digri zaidi ya 30. Chumba kikiwa na digri 28, hewa ndani ya sanduku itakuwa na digri karibu 60. Na prosesa sherti ikae juu ya hewa inayoizunguka, tuseme digri 25 juu yake. Basi 60 na 25 ni 85. Ukiongeza vumbi kwa radiatere, unapita 90. Tazameni: feni haikuharibika, prosesa haikuharibika, hakuna virusi. Ni njia tu iliyofungwa.

5. MAMBO TULIYOKUTA

Bwana Prefe alituruhusu kufungua kompyuta siku ya posho, Prof akisimama nasi. Nilihitaji mutu mwenye mikono mitulivu wa kunishikia tochi. Nikaenda kumutafuta yule ndugu wa tatu humanite. Alikubali kuja. Hakusema neno njiani.

Tulifanya jambo moja kwa wakati mumoja, na kila mara tulipima digri za prosesa. Kipimo hicho kiko ndani ya ukurasa wa BIOS: unaubonyeza Delete ao F2 wakati kompyuta inawaka, unatafuta mahali pa afya ya masini. Tulingoja dakika 20 mbele ya kila kipimo. Kwa mara ya kwanza tulipata digri 91.

Jambo la kwanza: kompyuta ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, mugongo ukigusana na ukuta, na juu yake kitambaa kizuri cha kufuma. Sanduku lilitengenezwa juu ya wezi, na kitambaa kiliwekwa juu ya vumbi. Hakuna aliyefanya vibaya. Kila mutu alikuwa analinda masini. Lakini hewa iliyotoka nyuma ilipiga mbao na kurudi kuingia mbele, ikiwa na moto wake. Tulitoa kompyuta inje ya sanduku na kuiweka juu ya meza, mbali na ukuta. Kipimo: digri 83.

Jambo la pili: vumbi. Mulipita kiangazi chote pamoja nasi, munajua vumbi letu jekundu. Katikati ya majani ya radiatere lilikuwa limeshikana kama blanketi. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu, lakini upepo wake haukugusa shaba. Tukasafisha. Kipimo: digri 67.

Jambo la tatu ni ndugu yule aliyeliona. Alikuwa amekata karatasi nyembamba kama utepe, akazishika mbele ya kila feni. Mbele, karatasi ikavutwa ndani: vizuri. Nyuma, karatasi ikavutwa ndani vilevile. Akasema: "Prof, hii ya nyuma nayo inaingiza. Sasa hewa inatokea wapi?" Mutu aliyeweka feni ile zamani aliigeuza. Feni mbili zilikuwa zinasukumana kama watu wawili ndani ya mulango mumoja, na moto wote ulibaki kutafuta matundu madogo. Tukatoa visi vinne, tukaigeuza. Kipimo: digri 61.

Jambo la ine: pasta. Kati ya prosesa na radiatere wanapaka pasta ya kupitisha moto. Kazi yake ni kujaza vishimo vidogo ambavyo macho hayavioni, kusudi hewa isikae ndani yake. Mumeona hapa juu namna hewa inavyopitisha moto vibaya. Pasta yetu ilikuwa imekauka kama chokaa. Tukaifuta, tukaweka mupya. Kipimo: digri 55.

Toka 91 mpaka 55. Pesa tuliyotumia ni ya tube ndogo ya pasta, basi.

6. NAMNA YA KUFANYA

Wale walio na kompyuta nyumbani, ao kwa biro ya wazazi, wafwate hivi:

a) Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kusudi umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha sanduku mbele ya kugusa vipande vya ndani, kwa maana umeme mudogo wa mwilini unaweza kuviharibu.

b) Usifungue kamwe kile kisanduku kinachogawa umeme, ile alimentasio. Ndani yake kuko vitu vinavyoweka umeme wa hatari hata kama waya umechomolewa. Safisha matundu yake kwa inje tu.

c) Tumia brashi laini na kavu, kama ile ya kupakia rangi, lakini mupya. Pompi ya kinga nayo inasaidia. Ukienda kwa mutu wa kutia upepo wa pine, mwambie kwanza atoe maji ndani ya kompresere yake, kisha apulize toka mbali. Fanya kazi hii inje, si ndani ya biro.

d) Wakati unapuliza, shika mabawa ya feni kwa kidole. Yakizunguka mbio kupita kipimo, feni inaweza kuharibika.

e) Pima kila feni kwa utepe wa karatasi. Za mbele na za chini ziingize. Za nyuma na za juu zitoe. Mara nyingi upande wenye mikono inayoshika moteri njo upande ambao hewa inatokea.

f) Funga nyaya pamoja kwa kamba ndogo, uzipeleke pembeni, zisikae kati ya feni ya mbele na radiatere.

g) Ukiondoa radiatere, sherti ubadilishe pasta. Futa ya zamani kwa kitambaa chenye alkoli ya farmasi, weka mupya kiasi cha punje ya mchele iliyovimba, kisha bana sawasawa. Nyingi si nzuri.

h) Acha nafasi ya upana wa mukono nyuma ya kompyuta, na usiiweke chini kwa sakafu ambako watu wanafagia.

7. MAKOSA YA WATU WENGI

Wengine wanaacha ubavu wa sanduku wazi. Ni kweli, prosesa inaweza kupoa kidogo kwa siku za kwanza, zaidi kama njia za sanduku ni mbaya. Lakini hewa ikipata mulango mukubwa karibu, haipiti tena mahali pa mbali, na disiki inaweza kukosa upepo wake. Tena vumbi, mende na mijusi vinapata nyumba. Kufungua ubavu ni dawa ya saa moja, kusudi umalize kazi na kuhifadhi maandiko yako. Si dawa ya mwaka.

Wengine wanaongeza feni za kutoa peke yake. Hapo hewa inavutwa kwa kila tundu, hata pale hapana chujio, na vumbi linaingia kila pahali. Kwa inchi ya vumbi kama yetu ni heri ile inayoingia ipite kidogo ile inayotoka, na mulango wa kuingilia uwe na chujio jembamba ambalo unalisafisha mara kwa mara. Chujio lisiposafishwa linakuwa ukuta.

Wengine wanapaka dawa ya meno pahali pa pasta. Inakauka mbio, na shida inarudia. Wengine wanaweka kitambaa chenye maji juu ya sanduku. Wandugu, maji na umeme si marafiki.

Na wengine wanasema: "Inazimika, lakini inawaka tena, tuendelee." Moto unazeesha vipande. Kwa kondansatere, mafundi wako na kanuni ya kukadiria: kuongeza digri 10 kunapunguza maisha yake karibu nusu. Masini inayofanya kazi ndani ya moto kila siku inakula miaka yake.

8. SANDUKU LA MBAO LILIRUDI

Mutasema: basi wezi? Bwana Prefe alisema wazi kwamba kompyuta haitalala inje ya kufuli. Alikuwa na haki. Kwa hiyo tulifanya hesabu tena. Hewa inatokea kwa feni mbili: ile ya nyuma yenye upana wa santimetri 8, eneo lake ni karibu santimetri kare 50, na ile ya alimentasio yenye santimetri 12, eneo karibu 113. Jumla 163. Seremala alikata tundu la 20 kwa 20 mbele, upande wa chini, na lingine kama hilo nyuma, upande wa juu. Ni santimetri kare 400 kila moja. Juu yake akapigilia wavu wa chuma. Hata kama wavu unaziba nusu, kunabaki 200, kupita 163. Sanduku likasogezwa mbali na ukuta, na kitambaa cha Mama Sekretere kinawekwa sasa jioni, wakati masini imekwisha kuzimwa.

Ndani ya sanduku, kufuli likiwa limefungwa, kipimo kilikuwa digri 58. Tangu siku ile mpaka leo ninapoandika, haikuzimika hata mara moja. Majina ya wafinalisti yote yamekwisha kuandikwa, na Mama Sekretere ameyasoma mara mbili.

Kwa mupango mupya, posho ya kwanza ya kila mwezi wa kiangazi tutasafisha chujio na radiatere. Wakati wa mvua itakuwa mara moja kwa miezi mitatu. Ndani ya sanduku kuko kaye ya kuandika digri.

9. NENO LA MWISHO

Niliandika raporti ya pili kwa Bwana Prefe, nikaeleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Sikutaka kusema uongo, lakini nilisema kitu ambacho sikukipima, na ni kilekile kwa yule anayeazibiwa. Nilienda vilevile kwa baba ya ndugu yule, nikaomba musamaha mbele yake. Alinisikia mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jina la ndugu siliandiki hapa. Lakini wale waliomuita "Bwana Virusi" kwa njia ya internati wanajijua, na mimi njo niliwafungulia mulango ule. Ninaomba jina lile liishe leo. Amerudi katika kikundi cha gazeti. Shairi lake mutalisoma kwa ukurasa wa mwisho; lilingoja majuma tano. Ni yeye sasa anayeshika kaye ya digri, na anaipima vizuri kuliko mimi.

Kompyuta ilikuwa inatueleza shida yake kila siku: asubuhi dakika arobaini, saa sita kumi na mbili. Ilitosha kuandika saa na kupitisha mukono nyuma yake. Nilichukua majuma mawili kwa kufanya jambo hilo, na majuma hayo alilipa mutu mwingine.

MAULIZO

1. Kwa nini kompyuta ilikaa dakika nyingi asubuhi kuliko saa sita?
2. Kompyuta inakula wati 150. Tunataka hewa ipande digri 10 tu. Litri ngapi za hewa zinapashwa kupita kila sekunde hapa Lubumbashi?
3. Feni ya mbele inaingiza, feni ya nyuma inaingiza. Eleza sababu gani mupango huu ni mubaya.
4. Juu ya nini pasta nyingi si nzuri kuliko pasta kidogo? Fikiri juu ya kazi ya shaba na kazi ya pasta.
5. Taja alama tatu zinazoonyesha kwamba kompyuta inazimika juu ya moto, si juu ya umeme wala virusi.

Majibu yaletwe kwa Prof wa fizika mbele ya ijumaa. Mutu akikosa hesabu, asiogope; alete kaye yake, tutarudilia pamoja.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, nne humanite